Bunduki Isiyo na Kelele ya Baba Mwongeli

Kindi wa Kanyangi hawana haraka. Mkulima akimaliza kupanda, wao humngoja apande kilima arudi nyumbani kunywa chai, kisha hutoka vichuguuni mmoja mmoja na kuifuata mistari ya plau kama watu waliotumwa kukagua kazi. Kindi hufukua, hula punje, husogea kidogo, hufukua tena. Hakosei mstari. Na kwa kuwa Ukambani mtu hupanda kabla ya mvua, akaizika mbegu kwenye vumbi na mengine akamwachia Mungu, wanyama hao hupata nafasi ya kutosha. Mvua ikikawia, wao ndio wanaovuna.

Wageni hutucheka kwa hilo. Huuliza kwa nini tusingoje inyeshe kwanza. Waje wakae msimu mmoja, watajua. Mvua yetu ni ya siku chache, na mbegu ambayo haikuwa ardhini matone ya kwanza yalipoanguka ni kama haikupandwa. Basi tunapanda kavu, halafu tunalinda. Kulinda ni kazi ya debe. Mtu huketi ukingoni mwa shamba na debe tupu na kijiti, akapiga tangu asubuhi mpaka jua lishuke, na kazi hiyo kwa desturi ni ya watoto na bibi vizee. Mwanamume mzima akionekana na debe, watu huuliza kama huko kwake kuna msiba.

Nduku alikuwa amepiga debe lake miaka mingi. Shamba lile la bondeni, mwendo mfupi kutoka sokoni Kanyangi, alililima peke yake tangu alipoolewa, kwa sababu mumewe Kitheka alikuwa askari. Wala hakuwa askari wa kusimama getini. Alikuwa mkufunzi wa shabaha katika kikosi kimoja cha serikali. Kazi yake ilikuwa kusimama karibu na makurutu waliolala kifudifudi, akiwafundisha namna ya kupumua na namna ya kufyatua, kutwa nzima, bunduki zikilia kulia na kushoto kwake. Alikuja nyumbani kwa likizo, akaongeza mtoto au akaongeza chumba, akarudi kazini. Watoto walisomeshwa, nyumba ya matofali ikasimama, na Nduku hakuwa na neno. Mume wa mbali ana raha yake. Akija mnachinja kuku, akienda unapumzika.

Mwanzoni mwa mwaka huo Kitheka alistaafu, akarudi nyumbani moja kwa moja na sanduku lake la bati, na hapo ndipo shida ilipoanza. Shida yenyewe ilikuwa hii: Kitheka hakumjibu mkewe.

Si kwamba alimtukana. Hakuwahi. Ila Nduku angesimama jikoni akichambua kunde, aseme, "Baba Mwongeli, hili paa linavuja pale juu ya jiko," na Kitheka, aliyekaa mlangoni akiwa amempa mgongo, angeendelea kupiga viatu vyake rangi. Angemwambia habari za kanisani, nani amefiwa, nani ameokoka, mchungaji amesema nini, na mwenzake angeutazama mlima kana kwamba mlima ndio unaohubiri. Wakati mwingine aliinuka na kuondoka Nduku akiwa katikati ya sentensi. Redio nayo aliifungua kwa sauti ya kupasua masikio, na Nduku akaelewa kwamba hiyo ilikuwa njia ya kumwambia anyamaze.

Na lililomkera zaidi ni kwamba watu wengine aliwajibu. Pale sokoni kwa Musyoka mwenye bucha, mtu mwenye sauti nzito ya kutoka tumboni, Kitheka aliketi saa nzima akicheka na wanaume wenzake. Nduku alimwona kwa macho yake akipita na kiondo. Kumbe mdomo anao, alijiambia. Mdomo wake una watu wake.

Hata Mwongeli, binti yao wa kwanza aliyeolewa upande wa Makueni akawa na duka la vitambaa Mbumbuni, alipopiga simu baba yake alisema, "Mtandao mbaya," akampa Nduku simu. Mtandao ulikuwa mzuri. Nduku aliongea na binti yake kwa simu hiyohiyo hadi akachoka.

Iliuma. Nduku hakuwa mwanamke wa kulialia, alikuwa amezika wazazi na amezika ng'ombe wa kiangazi na hakuanguka, lakini hili lilimuuma kila siku upya. Mtu anaweza kuvumilia kuwa peke yake akiwa peke yake. Kuwa peke yako na mtu ameketi pale ni adhabu nyingine.

"Baba yako ananidharau," alimwambia Mwongeli siku moja. "Ameamrisha watu miaka hiyo yote, sasa mimi ni kurutu. Hata kunijibu haoni haja."

"Mama, si uje tu Mbumbuni," Mwongeli akasema. "Nyuma ya duka kuna chumba kizuri. Utakaa na wajukuu. Utakuwa ukinishikia duka nikienda stoki."

"Niache shamba?"

"Shamba si lake pia? Wacha alime."

Nduku alilala na maneno hayo siku nyingi. Hatimaye alifanya kama walivyofanya wahenga, waliosema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliamua kwamba msimu wa vuli utakapokuja, kipande cha chini cha shamba, kile kilichopakana na korongo, kitakuwa cha Kitheka, na nusu ya mbegu itakuwa yake. Mbegu hiyo haikuwa mbegu ya dukani. Yalikuwa mahindi mafupi ya kienyeji yanayokomaa upesi, aliyoachiwa na mama mkwe wake, mama yake Kitheka, na kila mwaka Nduku aliyafunga mafungu akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko ili wadudu wasiyaguse. Ikipotea nusu hiyo, nusu imekwenda.

"Ikiota mkononi mwake, nitakaa," alimwambia Mwongeli. "Nitajua basi kuna kitu kimoja cha hapa nyumbani anakijali. Isipoota, njoo unichukue."

Kitheka hakuambiwa hayo. Au tuseme aliambiwa, siku moja, akiwa amempa mkewe mgongo, na hakujibu.

Sasa tuje kwa bunduki, maana ndiyo iliyozua yote.

Mvua za mwezi wa tatu, Kitheka angali mgeni hapo nyumbani, kindi walikuwa wamelila shamba la Nduku vibaya, na yeye aliwatazama kwa hasira ya mtu aliyefanya kazi ya shabaha maisha yake yote na sasa anachekwa na mnyama mwenye mkia kama brashi. Debe hakulitaka. Alisema wazi kwamba hatakaa juani akipiga bati kama mtoto. Alitaka bunduki.

Nduku alilipinga hilo, na alilipinga uso kwa uso, amesimama mbele yake na mwiko mkononi. "Sikiliza, Baba Mwongeli. Mimi hapa sitaki mlio wa bunduki. Watu wakisikia bunduki Kanyangi watajua ni majambazi, watafunga milango na wengine watakimbia na mapanga. Na kuku wangu wanaatamia. Ikipiga kelele hata siku moja, irudi ilikotoka."

Kitheka alimtazama mdomoni mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Nitatafuta isiyo na kelele."

Huo ndio ulikuwa mjibizano wao mrefu zaidi tangu arudi. Nduku alirudi jikoni na uchungu mpya: kumbe mambo ya bunduki anajibu.

Tangu siku hiyo Kitheka akawa na kazi. Mtu aliyeishi na bunduki alijua ofisi zote za kuomba kibali, akazizungukia moja baada ya nyingine, na ya mambo ya wanyamapori hakuiruka. Huku akingoja, alichagua. Alichagua kama watu wanavyochagua mchumba. Kwa Musyoka buchani wanaume walifundishwa wakafunzika. Bunduki ya risasi ndogo aliikataa, kwa sababu hata ukiitia risasi za mwendo wa polepole bado bonde lote litaisikia, na kile chombo cha kuziba mlio mdomoni raia hapewi. Ikabaki bunduki ya upepo. Hiyo nayo, alisema, iko ya namna mbili. Kuna ya springi, ambayo unaikunja bunduki yenyewe katikati kama unavunja kuni, springi inajikaza ndani, ukifyatua inajiachilia. Na kuna ya kujazwa upepo kwa pampu, upepo unakaa kwenye mtungi chini ya mtutu, unatoka kidogo kidogo kila unapofyatua.

"Na ipi ndiyo haina kelele?" Musyoka aliuliza.

"Hiyo huwezi kujua kwa kusoma. Bunduki isiyo na kelele inachaguliwa kwa sikio."

Habari zilienea. Syombua, jirani wa ng'ambo ya korongo, mwanamke asiyepitwa na la mtu, alimkuta Nduku kisimani. "Mama Mwongeli, nasikia serikali inawaletea mzinga wa kupigana na panya."

"Si panya. Ni kindi."

"Basi vita vimekuwa vikubwa," Syombua akasema, akatwika mtungi wake.

Kibali kilipotoka, Kitheka alikwenda Nairobi. Aliondoka na koti lake la kazi na alirudi siku ya pili na mkoba mrefu mweusi, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alikuwa na mazungumzo hata kabla ya kula. Nduku alimpakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaketi ng'ambo ya meza kusikiliza. Dukani, alisema Kitheka, kulikuwa na chumba cha kujaribia, kirefu, na kijana mmoja jina lake Ndegwa wa kuwahudumia wateja. Kijana alitaka kumvika vile vifuniko vya masikio.

"Nikamwambia, mimi nimekuja kuchagua kwa sikio, wewe unataka kuniziba sikio? Nikavitupa mezani."

Alianza na ya springi. Ilimpiga shavuni, mfupa wote wa uso ukalia. Hiyo hapana. Akajaribu ya springi nyingine, nayo ni hivyohivyo, kishindo kinaingia tayani kinatokea kisogoni. Kisha akachukua ya mtungi wa upepo. Akalenga, akafyatua, na hakuna kitu. Haikuruka, haikusukuma, haikulia. Aliona tu tundu limetokea kwenye karatasi kule mbali.

"Hakuna kitu, Mama Mwongeli. Kama kufumba jicho."

"Na kijana alisema nini?"

Kitheka alikuwa akimtazama. "Kijana alibisha. Alikuja mbele yangu akipunga mikono, ati mzee chukua ya springi, hii inapiga kelele kuliko zote. Nikamwuliza, wewe umefundisha shabaha miaka mingapi? Akacheka, akafunga mzigo. Hawa watoto wa dukani wanajua kuuza tu."

Nduku naye alicheka. Alijichukia kidogo kwa kucheka, lakini mumewe alikuwa ameketi pale mbele yake akimsimulia safari kama mume yeyote, na muthokoi ulikuwa unapoa, na yeye hakutaka siku yenyewe ipoe. Usiku huo hakumpigia Mwongeli simu.

Mwezi wa kumi ulipokaribia mwisho, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Makueni, watu wakafunga ng'ombe plau. Nduku alimkabidhi Kitheka nusu ya mbegu, akamwonyesha kipande cha korongoni kwa kidole, naye akakipanda kwa kamba. Alipigilia vijiti pande zote mbili, akanyoosha uzi, akaifuata mistari kama anayepanga gwaride, na watu waliopita walisimama kutazama. Ndugu zangu, shamba lile lilinyooka. Nduku alimletea chai, akaiweka chini, akasema kwa nyuma, "Umefanya vizuri." Kitheka hakugeuka. Nduku akaokota kikombe cha jana akaondoka, na ile furaha ndogo ya siku ya muthokoi ikafa hapohapo.

Asubuhi ya pili kindi walikuwa wameshagundua. Walikuwa wamefukua mstari wa pembeni wote na kuanza wa pili. Nduku aliona, na hakusema neno kwa mtu, ila alitoa begi la nguo chini ya kitanda akalipangusa vumbi. Mawingu yalikuwa bado yanatembea tu. Kwa mwendo huo, kipande hakingefika Jumapili.

Kitheka aliichukua bunduki yake, akaijaza upepo kwa pampu mpaka jasho likamtoka, akateremka bondeni na gunia la kulalia.

Nduku alikuwa jikoni anapepeta kunde mlio ulipotoka. Haukuwa mlio wa bunduki ya askari. Ulikuwa mkali na mwembamba, kama mjeledi uliochapwa sikioni kwako, na ulikwenda mpaka ng'ambo ya korongo ukarudi. Ungo ulimponyoka. Kuku wawili walioatamia waliruka kutoka kwenye viota, mmoja akaishia juu ya paa. Mbuzi wa Syombua alikata kamba. Mbwa wote wa majirani wakaanza kubweka.

Nduku alishuka mteremko na vumbi la kunde bado mikononi. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa na kila kitu ndani: paa la jiko, redio, mgongo ule, chai iliyoachwa ipoe. Kitheka alikuwa amelala kifudifudi juu ya gunia, ametulia, shavu limelala kwenye kitako cha bunduki. Kule mbele kindi mmoja alikuwa ameanguka kwenye mstari.

"Baba Mwongeli," Nduku alisema akiwa bado njiani.

Kitheka alivuta kichuma cha bunduki, akaingiza kirisasi kingine.

"Baba Mwongeli, nilikwambia nini?"

Nduku alisogea hadi akafika miguuni pake, angeweza kuikanyaga soli ya kiatu. Hapo akamwita jina lake tupu, Kitheka, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aolewe, kwa sababu mke wa Kikamba wa umri wake hamwiti mumewe hivyo. Mgongo haukutikisika. Basi na iwe, alijiambia. Akauambia mgongo.

"Mimi ninahamia Mbumbuni. Begi nimelitoa. Nimechoka kuishi na mtu asiyenijibu. Wewe baki na bunduki yako."

Kule mbele, mlangoni mwa kichuguu, kindi mwingine alikuwa amerudi kuchungulia. Nduku aliposema maneno hayo, kindi alisimama wima kwa miguu ya nyuma akamtazama yeye. Alikuwa mbali, upande wa pili wa shamba. Mbwa wa Syombua ng'ambo ya korongo naye alinyamaza akageuza kichwa. Kila kiumbe bondeni kilikuwa kimemsikia Nduku isipokuwa huyo aliyelala miguuni pake, na huyo hakuwa akijifanya. Mtu anayejifanya hasikii hukaza mabega. Mabega ya Kitheka yalikuwa yamelegea kama ya mtoto aliyeshiba.

Nduku alisimama pale. Hasira haikumtoka, ila ilikosa mahali pa kukaa.

Kitheka akafyatua tena. Safari hii Nduku alijiziba masikio kwa viganja, naye Kitheka hakupepesa hata jicho. Kindi alikuwa ameshaingia shimoni. Ndipo kivuli cha Nduku kilipoanguka juu ya bunduki, na mumewe akageuka, akamwona, akatabasamu kwa uso wote.

"Umesikia kitu?" akamwuliza.

Kabla Nduku hajajibu, watu walianza kufika. Syombua alikuwa mbele na panga, nyuma yake wanaume wawili wa ng'ambo na rungu, na wengine wanachungulia kwenye ua wa minyaa. Kitheka aliwatazama. Aliwatazama midomo ikienda wote pamoja, akatazama mapanga, kisha akainua macho nyumbani akamwona yule kuku juu ya paa. Mkufunzi wa zamani hahitaji kuelezwa mara mbili. Aliifungua bunduki, akakitoa kirisasi, akailaza chini mdomo ukitazama mbali na watu.

"Imelia?" akauliza.

Nduku akatikisa kichwa kukubali.

"Mama Mwongeli, ni wezi?" Syombua alisema akihema.

"Hakuna wezi. Ni Baba Mwongeli, anapiga kindi."

Syombua alilishusha panga. Aliitazama ile bunduki, akamtazama mwenyewe. "Hii ndiyo ile isiyo na kelele? Kweli kimya kingi kina mshindo mkuu." Wanaume wakacheka, wakaomba radhi kwa kucheka, wakaondoka kumtafuta mbuzi wa watu.

Walipobaki wawili, Nduku aliketi chini vumbini, mbele yake, karibu, magoti yakikaribia kugusana.

"Tangu lini?" akauliza polepole.

Kitheka aliusoma mdomo wake. "Kitambo. Ilianza na mluzi sikioni, nikadhani ni uchovu. Halafu siku moja nikagundua sijasikia ndege. Nikauliza wenzangu kama ndege wamehama, wakanicheka. Sauti nzito nasikia. Musyoka namsikia. Nyembamba ndizo zilizokwenda."

"Na mbona hukusema?"

"Mkufunzi asiyesikia anapelekwa kuchunga stoo. Nilinyamaza mpaka nistaafu."

"Umestaafu. Mbona mimi hukuniambia?"

Kitheka aliokota punje iliyofukuliwa, akaigeuza vidoleni. "Nilidhani nitasikia ya kutosha. Nilirudi hapa nikasubiri uniambie kitu. Ulikuwa unapita tu, unafanya kazi, hunisemeshi. Nikajua umeninyamazia. Nikasema, huyu nimemwacha peke yake miaka hiyo yote, sasa nimekuja hana la kuniambia. Nikaona ni haki yako, sikutaka kukulazimisha."

Nduku alilia hapo. Alilia akiwa na hasira, maana yalikuwa mambo ya kijinga kiasi hicho: mwaka karibu mzima, watu wawili wazima, kila mmoja ameketi kwenye kona yake akilisamehe kosa ambalo mwenzake hakulifanya. Alijifuta kwa mkono wenye vumbi la kunde, uso ukawa kama wa mtu aliyetoka kinu cha unga.

"Nimekwambia nahamia Mbumbuni," alisema. "Hapo nyuma yako, sasa hivi. Nimekuita na jina lako."

"Umeniita Kitheka?"

"Ee."

Aliwaza hilo. "Na sasa unahama?"

Nduku aliutazama ule mstari wa pili wenye mashimo, na mingine iliyobaki, iliyonyooka kwa uzi mpaka korongoni. "Sasa peleka hicho kitu ukakifungie," akasema. "Halafu chukua debe."

Na Kitheka alichukua debe. Aliketi ukingoni mwa shamba lake, mtu mzima na koti lake la kazi, akapiga bati kuanzia asubuhi, na waliopita njiani waliuliza kama kuna msiba, naye hakuwasikia. Kazi hiyo, kusema kweli, ilikuwa imemngoja yeye. Wengine debe huwachosha kichwa kabla ya saa nne. Kitheka alilipiga kwa mpigo mmoja wa gwaride bila kukunja uso, na kindi walikaa vichuguuni wakisubiri akasirike.

Siku ya pili, jua likiwa limepanda, Nduku alimletea chakula. Hakuongea kwa nyuma. Alizunguka shamba lote akapita mbele, akaketi juu ya jiwe wakatazamana, akamwekea sahani mapajani.

"Kuna mambo nilikuwa nakwambia," alisema, akiyatamka vizuri, "tangu mwezi wa tatu. Paa la jiko linavuja."

Kitheka aliweka kijiti chini. "Wapi?"

"Juu ya jiko lenyewe. Na kisima cha kanisa kimekauka. Na Mwongeli ana mimba, sasa karibu anajifungua, aliniambia nikuambie, nikakuambia ukitoa viatu."

"Mwongeli?"

"Ee. Kula kwanza. Hayo ni ya mwezi wa tatu na wa nne tu."

"Endelea," Kitheka akasema, wala hakuigusa sahani.

Nduku aliendelea. Alikuwa na mengi. Kindi walichungulia, wakaliona debe limelala chini, wakatoka mmoja mmoja wakaanza mstari wa tatu. Waliufukua wote mpaka korongoni mchana huo, na hakuna aliyewafukuza.